Baba Akiru Alipofagia Mchanga

Sisi tuliosoma Lodwar kabla simu hazijaanza kulala kitanda kimoja na watoto tunajuana bila kuulizana. Tunajuana kwa makovu ya miiba magotini, kwa meno yaliyotafuna matunda magumu ya mkoma mpaka ufizi ukalia, na kwa ile tabia ya kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa, kwa sababu nge hana adabu, huingia bila kubisha. Najua wapo watakaonicheka. Mtu hajafika hata thelathini, tayari anazungumza kama bibi anayeota jua. Chekeni tu. Lodwar ya mwaka 2012 ninayoikumbuka mimi na Lodwar ya leo ni miji miwili.

Mtakumbuka jinsi mchanga ulivyochoma saa saba mchana, mpaka tukicheza kati tunaruka mguu mmoja mmoja na hujui nani anakwepa mpira na nani anakwepa joto. Mtakumbuka Jumamosi tukishuka Turkwel kufua sare, sare zinakauka kabla hatujamaliza kuoga, na mmoja wetu lazima apige kelele kwamba ameona mamba. Hakuna aliyewahi kumwona mamba mwenyewe, lakini kila mmoja alikuwa na binamu aliyemwona. Na chai ya maziwa ya unga, ambayo mpaka leo nikiinusa mahali narudi darasa la sita.

Familia yetu ilikuwa ya wageni pale Lodwar. Baba alikuwa karani katika ofisi ya maji, na Mama, mtu wa Vihiga, alimfuata mumewe kazini huku akinung'unika njia nzima. Mama hakumwamini mtu. Gunia la unga alilifunga kwa fundo lake mwenyewe, fundo la ajabu lililoelekea kushoto, ili akirudi sokoni ajue kama mkono mwingine umepita. Chupa ya mafuta ya kupikia aliichora mstari kwa kalamu. Sukari aliilaza juu kwa kijiko, laini kama uso wa mtoto, na ukichota hata punje anajua. Alikuwa na misemo yake miwili ambayo ningeweza kuisema usingizini. Wa kwanza: "Ukimshuku mtu usimuulize. Ukimuuliza umemwamsha. Mtazame tu." Wa pili: "Anayefagia jioni anafukuza baraka. Na anayefagia jioni kwenye boma la wenzake ni mchawi, hana jina lingine."

Mimi ni Kageha, kifungua mimba wake, na jicho lake nililirithi lote.

Mwaka wenyewe nao uliilisha tabia hiyo. Ilikuwa imetangazwa kwamba mafuta yamepatikana chini ya ardhi ya Turkana, na ghafla kila gari geni likawa na siri. Mtu akiinama njiani kufunga kamba ya kiatu, watu wanaulizana anapima nini. Wenyeji waliwashuku wageni kwamba wamekuja kuchukua ardhi. Wageni, yaani sisi "watu wa Kenya" kama walivyotuita, kana kwamba Lodwar iko nchi nyingine, tuliwashuku wenyeji kwamba ipo siku watatufukuza. Kwenye duka la mkate watu walisalimiana "Ejok?" "Ejok," kwa tabasamu, kisha kila mmoja akageuka kumtazama mwenzake anakwenda wapi.

Katikati ya hayo yote Mwalimu Barasa akaja na wazo lake. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Bungoma, mlezi wa klabu ya wanyama pori shuleni kwetu. Alitufundisha habari za simba kwa ufasaha mkubwa ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumwona simba isipokuwa kwenye noti na kalenda. Akasema ni aibu. Watalii wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kulala hemani na kutazama wanyama wa Kenya, na sisi watoto wa Kenya tunawajua kwa picha. Likizo ya Agosti tutapiga kambi, siku mbili na ushee, kando ya laga moja, mto wa mchanga usio na maji, njia ya Lorugum. Tutaona wanyama kwa macho yetu. Tulipiga makofi mpaka darasa la pili likaja dirishani kuchungulia.

Mwalimu alihitaji mtu wa kutuongoza, mtu anayejua mahali wanyama wanapita. Rafiki yangu Akiru akainua mkono akasema baba yake anajua.

Akiru tulikaa dawati moja. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande huohuo wa Lorugum, akiishi kwa shangazi yake mjini ili asome. Alikuja shuleni na slipa, moja ya bluu na moja nyekundu, na mwalimu wa zamu alikuwa amechoka kumwuliza viatu viko wapi. Hesabu alinishinda, mbio alinishinda, kitu pekee nilichomshinda ni insha. Siku tulipotoka kuandikisha majina ya kambi alinivuta nyuma ya tangi la maji akaniambia jambo lililonifanya nisilale vizuri.

"Baba hakuji juu ya wanyama," alisema. "Anakuja kuangalia nyinyi. Kila mwaka anaulizwa na wazee kwa nini msichana iko mjini. Akiona nyinyi ni watu, nitabaki shule. Akiona si watu, narudi kwa mbuzi."

"Atajuaje kama sisi ni watu?"

"Ataangalia tu."

Kumbe hata wao wana msemo wa mama yangu, nikawaza. Nikamwahidi Akiru kwamba tutakuwa watu. Nilimaanisha, na Mungu ni shahidi.

Tuliondoka watoto kumi na wawili na Mwalimu, juu ya lori la mfanyabiashara aliyepeleka unga Lorugum, tumekalia magunia. Tulikuwa na mahema matatu ya kuazima kanisani, yananuka panya, moja la wavulana, moja la wasichana, na dogo la Mwalimu. Tulikuwa na sufuria, mitungi ya maji, mchele, maharagwe, na hazina ya safari yote: darubini. Mwalimu aliiazima kwa padri mmoja kwa kuapa kwamba itarudi salama, na aliibeba katika mkoba wa ngozi ambao hakuuvua hata alipokuwa akisimika hema.

Baba Akiru alitukuta pale laga. Alikuwa mrefu, mkimya, shuka begani, akala za tairi miguuni, fimbo mkono mmoja na kigoda chake kidogo cha mbao mkono wa pili, kile ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Alisalimia, akamgusa Akiru kichwani mara moja, akakaa pembeni akatutazama. Alitutazama tukigombea mahali pa kulala. Alitutazama tukinawa na kumwaga maji, na hapo nikaona shavu lake likicheza. Nikamkanyaga kaka mmoja wa darasa la saba nikamwambia afunge mtungi, tunaonwa.

Jua lilipoanza kushuka alisimama, akakata tawi la mgunga lenye majani, akaanza kufagia.

Alifagia mchanga. Alianza mlangoni pa hema la Mwalimu, akazunguka nyuma ya mahema yote, akirudi nyumanyuma, akisawazisha taratibu mpaka ardhi ikawa laini kama ile sukari ya Mama. Nyayo zetu zote zikafutika. Halafu akalitupa tawi, akakaa kwenye kigoda chake karibu na moto kama mtu aliyemaliza kusali.

Jioni, boma la wenzake, tawi mkononi. Misemo ya Mama ilinijia yote miwili kwa pamoja. Anafukuza nini? Na kama si uchawi, anafuta nyayo za nani? Nani amepita hapa ambaye hataki tumjue? Akiru alikuwa kando yangu akimenya vitunguu. Ningeweza kumwuliza. Ningegeuza shingo tu niseme, "Akiru, baba yako anafanya nini?" Lakini ukimuuliza umemwamsha. Nikanyamaza, nikatazama.

Asubuhi nilimwona tena. Alikuwa ameinama, mikono nyuma, akizunguka kambi polepole kama mtu aliyeangusha sindano. Mahali pamoja alipiga goti karibu na hema letu, akakata kitu kwa kisu, akakifunga kwenye pindo la shuka. Nikaweka hilo nalo kwenye hesabu yangu.

Hiyo siku ya pili, wenzangu, ndiyo siku ninayoirudia nikikosa usingizi, kwa uzuri wake. Baba Akiru alitutembeza tangu kabla ya jua kukomaa. Tulikuwa tumetarajia simba, na kijana mmoja alikuwa amejitayarishia kabisa hotuba ya kumsimulia mama yake. Simba hatukumwona. Tuliona digidigi wawili wamesimama chini ya kichaka, wadogo kama watoto wa mbuzi, macho makubwa, wanatuuliza tumetumwa na nani. Tuliona swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu. Kisha tukapanda kimlima, Mwalimu akatoa darubini, na kule bondeni wakapita mbuni watatu wakikimbia, vumbi likiwafuata, na milima ya Loima nyuma yao ya bluu. Kila mmoja alipewa zamu ya kutazama. Mimi nilisahau kupumua. Mwalimu Barasa alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni mchanga. Baba Akiru hakuhitaji darubini. Alionyesha kwa fimbo: huyu bweha alipita jana, alikuwa anachechemea. Hawa kanga waliogopeshwa na kitu, ona vidole vimechimba. "Mnyama si lazima uone yeye," alisema, Akiru akicheka kwa fahari. "Mguu yake inasema yote." Sote tuliandika kwenye madaftari. Nami niliandika, kwa hati nzuri, na sikuunganisha hata herufi moja ya maneno hayo na tawi la jana jioni. Ndivyo mtu anayeshuku alivyo. Anaona kila kitu isipokuwa kilicho mbele yake.

Jioni Mwalimu akanunua mbuzi kwa wachungaji waliopita, tukachoma. Tulikula mpaka vidole vikanata. Baba Akiru alikula kidogo, akamwambia Mwalimu kwa upole, "Nyama isilale nje, Mwalimu. Hata harufu yake." Mwalimu akasema sawa mzee, sawa, lakini alikuwa anasimulia habari za mbuni kwa mara ya nne. Paja lililobaki alilifunga kwenye gazeti, akalitia kwenye mkoba wa darubini, akautundika mkoba kwenye mti wa hema lake, nje. Hilo alilikiri baadaye sana.

Na Baba Akiru akachukua tawi, akafagia tena.

Siku ya tatu kulipopambazuka niliamka na uamuzi. Lori lingekuja mchana, na niliona nisiposema sasa tutapatwa na jambo. Nilivaa raba zangu nyeupe, zile alizoniletea Baba kutoka Kitale, zenye nyota kwenye soli. Nilijivunia nyota zile kuliko namba yangu ya mtihani. Baba Akiru alikuwa mbele, anachochea moto wa chai, kwa hiyo nilipita nyuma, nikayazunguka mahema pembeni kabisa, juu ya ule mchanga wake uliofagiwa, mpaka hema la Mwalimu. Nikainua turubai nikaingia. Nikamwambia yote kwa kunong'ona: kufagia jioni, kuzunguka asubuhi, kitu alichokata na kukificha kwenye shuka.

Mwalimu kwanza alicheka. Halafu, kwa kuwa alikuwa macho tayari, akanyoosha mkono nje ya mlango achukue mkoba wake. Mkono ukapapasa hewa.

Hakucheka tena. Alitoka na fulana ya kulalia akiita majina yetu, na watoto wote wakamiminika mlangoni pake, kila mtu anauliza, kila mtu anatafuta, miguu ishirini na nne inavuruga mchanga. Baba Akiru aliinuka kwenye moto akakimbia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akikimbia.

"Simama! Wote simama!" alipiga kelele. "Usikanyaga! Mwalimu, ambia watoto wasitembea, hii mchanga iko na habari!"

"Habari gani?" Mwalimu alimgeukia. "Mzee, kwa nini umekuwa ukifagia hapa?"

"Ndio nione."

"Uone nini? Unafagia nyayo za nani? Unamficha nani?"

Baba Akiru alimtazama kana kwamba Kiswahili kimemwishia. Alionyesha ardhi kwa fimbo, lakini ardhi ilikuwa imekwisha kuwa fujo ya slipa na viatu. Ikawa kila anavyosema tusikanyage, ndivyo sote tunavyozidi kuona ana kitu cha kuficha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwalimu, moyo unapiga, na sitadanganya, nusu ya moyo ule ilikuwa inafurahi kwamba nilijua.

Mwalimu akamwambia afungue shuka.

Akiru alisema, "Mwalimu, tafadhali." Hakuna aliyemsikia.

Mzee alifungua shuka yake pale mbele ya watoto wa watu na mbele ya mtoto wake. Hakukuwa na darubini. Kulikuwa na tumbaku, kipande cha sabuni, na, kwenye pindo, kijiti kifupi, urefu wa shibiri moja, kimekatwa sawasawa ncha zote mbili. Mwalimu alikiinua juu. "Na hii ni nini? Dawa?" Mwalimu akakitupa. Akiru akaenda akakiokota.

Mzee alijifunga shuka yake bila haraka. Kisha akatoka nje kabisa ya mahali tulipovuruga, akaanza kuzunguka kwa mbali, kichwa chini. Alizunguka nyuma ya mahema. Nilimwona amesimama pale kwa muda, anatazama chini, halafu akainua macho akatazama upande wetu. Akaendelea. Upande wa pili alipiga goti, akasimama, akashuka na laga mpaka tukampoteza.

Tulidhani amekimbia. Mwalimu mwenyewe alisema, "Mnaona?" Akiru alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake, peke yake, kijiti mkononi. Hakuna aliyekaa naye. Mimi, wa dawati lake, nilikwenda kukunja mahema.

Jua lilikuwa juu aliporudi. Mkoba ulikuwa mkononi mwake, ukanda umetafunwa, ubavu umechanika kwa meno, na ndani yake darubini nzima, imepakwa mafuta ya mbuzi. Gazeti na paja havikuwepo. Aliuweka miguuni pa Mwalimu.

"Fisi," alisema. "Ilipenda nyama yako."

Mwalimu Barasa alipauka. Alisema samahani mzee, samahani sana, akasema tena kwa Kiingereza kana kwamba huko ni nzito zaidi, akamletea mfuko wa sukari iliyobaki. Baba Akiru aliutazama mfuko, hakuunyooshea mkono.

"Mimi nilikuja kuona watu ya shule," alisema. "Nimeona." Akamgeukia binti yake. "Akiru. Chukua nguo yako."

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele, Akiru nyuma na slipa zake za rangi mbili. Hakugeuka. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, dawati letu nililikalia peke yangu, na mwalimu wa zamu akapata pumziko kuhusu viatu. Nikawaambia watu kwamba Akiru alichukuliwa na baba yake kwa sababu wafugaji hawapendi shule. Watu walikubali. Ni maelezo yanayokubalika haraka.

Mwaka uliofuata, 2013, Baba alihamishwa kwenda Kakuma. Mama alinung'unika upya. Kule aliwakuta Wasomali, Wasudani, Wakongo, Warundi, watu wa kila lugha, na hakuwa na mafundo ya kuwatosha wote. Siku moja alinituma sokoni makaa. Nilikuwa napita kwenye safu ya wanawake na mifuko yao nikasikia jina langu.

"Kageha. Ejok?"

Alikuwa Akiru, shanga shingoni, masizi mpaka viwikoni, amerefuka. Niliitikia "Ejok." Aliniambia mbuzi wao wengi walikufa, wamesogea huku, anauza makaa na mama yake. Nilimwambia niko darasa la saba. Kisha akatazama miguu yangu.

"Ulitupa zile raba za nyota?"

"Zilinibana," nilisema. Halafu nikashtuka. Nyota zilikuwa chini ya soli. "Unajuaje za nyota?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama anayenieleza hesabu. "Baba alisoma. Nyota ilitoka kwa hema yetu, ikapita nyuma, ikaingia kwa Mwalimu. Mbele mlikanyaga yote. Nyuma hakuna mtu alienda, ni wewe tu."

"Mbona hakusema?"

"Alisema mtoto ya watu haiaibishwi mbele ya watu."

Nilitamani soko lile linimeze. Nilimwuliza kuhusu kijiti, nikitumaini kwamba angalau hicho kilikuwa dawa, kilikuwa kitu kibaya, kitu cha kunipunguzia.

"Hiyo ilikuwa mguu yangu," alisema. "Asubuhi ya siku ya pili alipima alama yangu kwa mchanga, akakata. Alikuwa apeleke Lodwar kwa duka, wampe viatu ya shule." Alisogeza mfuko wa makaa, ukasimama vizuri. "Siku ya pili alikuwa ameshaona nyinyi ni watu."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kila mtu anayesoma hapa analijua. Nikafungua mdomo, nikamwuliza debe la makaa ni ngapi. Akaniambia. Nikalipa, nikabeba, nikaenda. Niliporudi wiki iliyofuata kumwomba msamaha, nimejifunza maneno kama shairi la tamasha, mahali pake palikuwa na mama mwingine. Baadaye nikasikia ameolewa upande wa Kaaleng. Mpaka leo sijamwona.

Sasa mimi ndiye mwalimu, hapahapa Kakuma, na nimekuwa kama wale wazee tuliowacheka. Nawatazama watoto wa siku hizi nasikitika. Simba wanamjua vizuri kuliko Mwalimu Barasa, wamemwona kwenye simu akila, akilala, akizaa, lakini ukiwaonyesha alama ya kuku mchangani wanakuuliza ni nembo ya nini. Sisi tulilala kwenye hema linalonuka panya ili tuone mbuni watatu kwa dakika moja, na dakika ile ninayo bado. Wao wana mbuni elfu na hawana hata mmoja. Na watu wazima nasi tumezidi. Matajiri wa mtaa wamefunga kamera getini, zinatazama usiku na mchana. Zinaona kila mtu na hazimjui mtu yeyote.

Mimi sina kamera. Jua likianza kushuka nakata tawi, nafagia mchanga mbele ya chumba changu cha kupanga, nikirudi nyumanyuma, polepole, kama nilivyoona. Asubuhi nasoma: kuku wa mama mwenye nyumba, paka, kijana wa maji. Sijui natafuta nini. Mguu wa Akiru siwezi tena kuujua, mguu wa mtoto hukua. Najua majirani wananisema. Mwalimu mzima, anafagia magharibi, huyo ana lake. Mmoja aliacha kununua mandazi ninayouza wikendi. Sijamlaumu. Yaliyompata kwangu yalinipata kwa Baba Akiru.

Juzi nilikuwa nimeinama na tawi nikaona natazamwa. Alikuwa Furaha, binti wa jirani yangu Mkongomani, miaka tisa, mtoto ambaye sijapata kumwona bila simu ya mama yake mkononi. Nikajua sasa atakimbia ndani akaseme. Nilikuwa nimeshamwandalia hasira. Lakini akaja mpaka ukingoni mwa mchanga, akasimama hapo bila kuukanyaga.

"Mwalimu," alisema, "juu ya nini unafagiaka mangaribi?"

Tawi lilinitoka mkononi. Nilimtazama mtoto huyo wa siku hizi, ambaye nimemdharau na wenzake wote tangu mwanzo wa maandishi haya, na machozi yakaja yenyewe. Swali lenyewe, kwa nini unafagia, lilikuwa dogo namna hiyo. Nilikuwa nalo mdomoni jioni nzima pale laga, na Akiru kando yangu anamenya vitunguu.

Nikamwambia Furaha avue slipa zake, aingie, akanyage, tusome pamoja mguu wake unasema nini.